Ndege wa Mida wanajiandaa kusafiri: Piga picha bila kuwarusha

Upepo wa kaskazi unapopungua na kusi kukaribia, ndege wa pwani katika hori ya Mida, karibu na Watamu, huanza kubadilika. Hunenepa, manyoya yao hupata rangi mpya, na kati ya Machi na Aprili wengi wao huondoka kuelekea kaskazini kuzaliana. Kwa mkazi wa Kilifi mwenye kamera, au hata simu ya kawaida, huu ni msimu mzuri wa kupiga picha. Pia ni msimu ambao ndege anayesumbuliwa hupata hasara kubwa zaidi.

Wanakwenda wapi?

Miongoni mwa vitwitwi wanaoonekana kwenye matope ya Mida yumo Calidris ferruginea, ndege asiyefikisha gramu 100, mwenye mdomo mrefu uliopinda kidogo kuelekea chini. Huzaliana kaskazini kabisa mwa Urusi, katika Siberia, theluji inapoyeyuka. Desemba ana rangi ya kijivu na ni rahisi kumchanganya na wenzake. Kufikia Aprili, wengi huwa na kifua chekundu kama tofali. Ndiyo maana picha ya wakati huu humtambulisha ndege kwa urahisi zaidi.

Mwingine ni Dromas ardeola, ndege mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene wa kuvunjia kaa. Huyu huzaliana kwenye fuo na visiwa vya Bahari ya Shamu na Ghuba, ikiwemo Oman. Huchimba shimo mchangani na kwa kawaida hutaga yai moja tu. Kama majahazi ya zamani yaliyongoja kusi ili yarudi Arabuni, naye huondoka Mida msimu huu. Baadhi ya wachanga hubaki huku mwaka mzima.

Si kila ndege anayeonekana Aprili anaondoka. Katika mlango wa mto Sabaki, kaskazini mwa Malindi, Glareola ocularis huanza kuwasili wakati huo kutoka Madagaska, anakozaliana.

Kwa nini kuwarusha ni hasara

Ndege hawa hula kaa wadogo na minyoo wa matopeni, na chakula hicho hupatikana maji yakipwa tu. Maji yakijaa, hukusanyika sehemu chache zilizobaki kavu wakapumzika. Wakati wa bamvua, sehemu hizo huwa chache zaidi.

Mafuta wanayoweka mwilini ndiyo akiba yao ya safari ya maelfu ya kilomita. Kila wanaporushwa hutumia sehemu ya akiba hiyo, na hupoteza muda wa kula kabla maji hayajarudi. Kundi likirushwa mara kadhaa kwa siku, huenda baadhi wakaondoka wakiwa dhaifu.

Namna ya kupata picha nzuri

- Angalia majira ya maji kabla ya kutoka nyumbani. Fika saa mbili hivi kabla ya maji kujaa kabisa, kisha kaa mahali pamoja. Maji yanapopanda, ndege husogea wenyewe.
- Jua liwe nyuma yako. Asubuhi na jioni mwanga ni laini na rangi za manyoya huonekana vizuri.
- Ndege akiinua kichwa, akiacha kula au akianza kutembea kwa haraka, umekaribia mno. Rudi nyuma polepole.
- Usimkimbize wala kumtupia kitu ndege ili upate picha akiruka. Usipeleke boti ya injini karibu na kundi lililopumzika.
- Droni huhitaji idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga (KCAA), na katika maeneo ya hifadhi, idhini ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Hori ya Mida ni sehemu ya hifadhi ya baharini ya Watamu.
- Katika msitu wa Arabuko-Sokoke, usicheze sauti zilizorekodiwa ili kuwaita bundi, na usitangaze mahali hasa wanapolala au kutaga.

Picha yako ina kazi

Picha isiyo safi sana bado inaweza kuwa na thamani ikiwa na maelezo kamili: tarehe, saa, mahali na idadi ya ndege. Mradi wa Kenya Bird Map, unaohusisha Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, hukusanya kumbukumbu za wananchi wa kawaida ili kuonyesha ndege gani wanapatikana wapi nchini. Orodha kamili huhitaji angalau saa mbili za kutazama ndani ya eneo moja.

Ukiona ndege mwenye pete au kibandiko cha rangi mguuni, piga picha ya mguu huo. Andika rangi, herufi au namba, na kama ni mguu wa kulia au wa kushoto, kisha uwasilishe kwa Makavazi. Kwa njia hiyo hujulikana ndege alitoka wapi na amesafiri umbali gani. Ukimpata aliyejeruhiwa, ijulishe ofisi ya KWS iliyo karibu.

Ndege hawa wana faida kwa wakazi pia. Tangu 2001, mpango wa ASSETS wa A Rocha Kenya umesaidia kulipa karo ya wanafunzi wa sekondari kutoka familia zinazoishi kando ya Arabuko-Sokoke na hori ya Mida, na sehemu ya fedha hizo hutokana na wageni wanaokuja kutazama ndege. Wanaoondoka sasa wataanza kurudi kuanzia Agosti. Watakaofika salama huko waendako ndio tutakaowaona tena Mida.