Usugu wa malaria ulitoka wapi?

Ndugu msomaji, wale walionisikiliza redioni juma hili watanisamehe kwa kuyarudia. Wengi wamepiga simu wakiomba maelezo haya yachapishwe, kwani yana majina magumu, na redio ikishasema haimngoji aliyepitwa. Jambo lenyewe lilianzia Wampembe.

Kwa asiyepafahamu, Wampembe iko kando ya Ziwa Tanganyika, wilayani Nkasi, mkoa wa Rukwa. Ufipa ina sura mbili. Juu, Sumbawanga na vijiji vyake, kuna baridi ya kuvalia sweta. Chini ziwani, kwenye mita 770 hivi kutoka usawa wa bahari, kuna joto, dagaa, migebuka na mbu. Tangu utotoni nilisikia wazee wa huko juu wakisema kwamba mwenzao akishuka ziwani kununua samaki hurudi na vitu viwili: samaki na homa.

Mwaka 1994 homa hiyo ilimshika mdogo wangu wa kiume, aliyekuwa na miaka minne. Mama alimpeleka kwenye zahanati moja ya mwambao, mganga akampa klorokwini. Wa rika langu tunaikumbuka dawa ile, uchungu wake na kuwashwa mwili mzima usiku kucha. Mtoto alimaliza dozi, homa ikashuka, nasi tukapumua. Haukupita muda homa ikarudi. Akapewa klorokwini tena. Mara ya tatu homa haikushuka. Tulimzika kabla ya kupata boti ya kumpeleka hospitali.

Baada ya matanga maneno yakaanza. Wapo waliosema mganga aliuza dawa halisi akatupa chaki. Wapo waliomtazama kwa jicho baya bibi kizee mmoja jirani yetu, kwa sababu tu macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kukaushia samaki. Mganga aliomba uhamisho. Bibi yule alifunga mzigo wake akaenda kwa mwanawe, na hakurudi.

Mwaka jana nilikwenda Wampembe kumwamkia mjomba wangu. Nilimwambia shikamoo, akaitika marahaba, tukala. Kisha akaniuliza: "Mpwa wangu, wewe wa redio unazungumza na wataalamu. Hivi yule mtoto alikufa na nini hasa? Dawa yote aliimeza, maana mimi mwenyewe ndiye niliyemshika mikono."

Sikuwa na jibu siku ile. Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, si mtu wa maabara. Lakini swali lilinikera hata nikaanza kusoma na kuuliza. Niliyoyapata ndiyo haya.

Malaria inayoua watu wengi kwetu huletwa na kimelea kiitwacho Plasmodium falciparum. Kama kilivyo kila kiumbe, nacho kimebeba ndani yake maandishi ya urithi, yaani vinasaba. Maandishi hayo yana herufi nne tu, ambazo wataalamu wamezipa alama za A, C, G na T, zikifuatana kwa mpangilio maalumu. Mwaka 2002 wanasayansi walitangaza kwamba wameyasoma maandishi yote ya kimelea hiki tangu mwanzo hadi mwisho. Yana herufi milioni 23 hivi.

Sasa, kusoma herufi kunawezaje kutuambia kitu kilitoka wapi? Nitaeleza kwa mfano wa kazi yangu. Zamani studioni tulikuwa tukinakili kaseti. Tuseme katika hotuba fulani mtu alikohoa. Kila kaseti iliyonakiliwa kutoka kwenye ile itakuwa na kikohozi hicho, na kaseti itakayonakiliwa kutoka kwenye nakala nayo itakuwa nacho. Ukikuta kaseti Kigoma na nyingine Tanga, zote zina kikohozi, unaweza kusema huenda ni bahati tu, watu wawili tofauti walikohoa. Lakini ukisikia kwamba kabla ya kikohozi jogoo aliwika, na baada yake mlango ukagongwa, na kwenye kaseti zote mbili ni hivyo hivyo, hapo huna shaka. Zimetoka kwenye kaseti moja.

Vimelea navyo hujinakili. Kila kinapozaliana, mara chache herufi moja hukosewa, na kosa hilo hurithiwa na watoto na wajukuu. Wataalamu hulinganisha makosa hayo. Vimelea vyenye makosa mengi ya kufanana ni ndugu wa karibu, na vyenye machache ni ndugu wa mbali. Hivyo huchora ukoo wake kama sisi tunavyohesabu mababu.

Kwa njia hiyo walianza na swali la kale: kimelea hiki kiliingiaje kwa binadamu? Watafiti walikusanya kinyesi cha sokwe na gorila katika misitu ya Afrika ya Kati, sampuli zaidi ya 2,500, wakatafuta ndani yake vinasaba vya vimelea. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kimelea chetu kilionekana kuwa tawi moja tu ndani ya ukoo wa vimelea vya gorila wa magharibi mwa Afrika ya Kati. Sokwe kama wale wa Gombe na Mahale, majirani zetu wa ziwa hili hili, ndio walio karibu zaidi nasi kwa damu, lakini si wao waliotupa ugonjwa huu. Ulitoka kwa gorila ukavuka kuja kwa mtu, ukazaa na kuenea duniani.

Lakini mjomba hakuniuliza habari za gorila. Aliuliza kwa nini dawa ilishindwa.

Klorokwini ilifanya kazi hivi. Kimelea kikiwa ndani ya chembe nyekundu ya damu hula ile damu, na kina kifuko chake cha kumeng'enyea, tuseme tumbo. Dawa ilikuwa ikijikusanya tumboni humo na kukiua kwa sumu ya chakula chake chenyewe. Kisha vikatokea vimelea ambavyo mlango wa tumbo lao umebadilika kidogo. Dawa ikiingia, mlango huo huitoa nje. Jeni yenye maelezo ya kuutengeneza mlango huo iligunduliwa mwaka 2000.

Usugu wa klorokwini ulianza kuonekana mwishoni mwa miaka ya 1950, kusini mashariki mwa Asia, mpakani mwa Thailand na Kambodia, na pia Amerika ya Kusini. Kwetu Afrika Mashariki, yaani Kenya na Tanzania, ulianza kuripotiwa mwishoni mwa miaka ya 1970. Katika miaka ya 1980 ukaenea sehemu kubwa ya Afrika. Swali likawa: je, vimelea vya Afrika vilijifunza vyenyewe, au vililetwa?

Hapo ndipo mfano wa jogoo na mlango unapofaa. Mwaka 2002 watafiti walitangaza matokeo ya kulinganisha vimelea kutoka pande nyingi za dunia. Hawakutazama lile kosa la kwenye jeni peke yake. Walitazama pia maandishi yaliyo jirani nalo, huku na huku. Wakakuta kwamba usugu ulizaliwa mahali pachache tu, na kwamba ule wa Afrika una majirani wale wale wa Asia. Kwa maneno mengine, haukuzaliwa hapa. Ulisafiri ndani ya damu ya watu, kisha mbu wetu wakausambaza.

Serikali yetu iliiacha klorokwini mwaka 2001 ikaweka SP, ambayo wengi tuliijua kwa jina la Fansidar. Haikudumu. Mwaka 2003 vimelea vilivyokuwa sugu kwa SP vya Kilimanjaro na vya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, vilionekana kuwa wa ukoo mmoja. Mwaka uliofuata ikathibitika kwamba jeni ile yenye usugu mkali dhidi ya moja ya dawa mbili zilizomo katika SP nayo ina asili ya Asia. Ni hadithi ile ile mara ya pili. Kufikia mwishoni mwa mwaka 2006 tulihamia kwenye dawa mseto, ALu, tunayoitumia mpaka leo, na SP ikabaki hasa kwa kuwakinga mama wajawazito.

Basi nilimpigia simu mjomba. Nilimwambia kwamba sina damu ya mdogo wangu kwenye chupa, na hakuna atakayeipima leo. Lakini katika miaka ile vimelea sugu vilikwisha enea sehemu nyingi za nchi, na homa inayoshuka kisha ikarudi, ikashuka tena kisha ikakataa, ndiyo ilivyokuwa dalili yao. Dawa huenda ilikuwa halisi kabisa. Mganga alitoa alichokuwa nacho. Mtoto aliimeza. Mlango mdogo tumboni mwa kidudu kisichoonekana kwa macho ndio ulioitapika.

Mjomba alinyamaza muda mrefu, hata nikadhani simu imekatika. Kisha akasema: "Kwa hiyo yule bibi tulimwonea."

Ndugu msomaji, ningeweza kuishia hapo, lakini sura ya tatu ya hadithi hii inaendelea sasa hivi, na safari hii hatuna Asia ya kuisingizia.

Nguvu ya dawa mseto inatokana na artemisinini, dawa iliyotokana na mmea wa Kichina, ambayo ilimpatia mwanasayansi Tu Youyou tuzo ya Nobel mwaka 2015. Usugu dhidi yake uligunduliwa Kambodia karibu mwaka 2008, na mwaka 2014 ikajulikana kwamba unahusika na jeni iitwayo K13. Dunia nzima ikaanza kuulinda mlango wa Asia, kwa kuwa mara mbili mgeni alipitia huko. Mwaka 2020 ikaja taarifa kutoka Rwanda: badiliko moja la K13 limeonekana kwa vimelea vya huko, na maandishi yanayolizunguka si ya Asia. Limezaliwa hapa hapa kwetu. Mwaka uliofuata Uganda nayo ikatangaza usugu wake, nao haukutoka ng'ambo.

Na sisi je? Sampuli zilizokusanywa nchini mwaka 2021, katika utafiti ulioshirikisha Taasisi yetu ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, zilionyesha kwamba mkoani Kagera karibu vimelea 8 katika kila 100 vilivyosomwa vilikuwa na badiliko lile lile la Rwanda. Vingi vilikuwa katika maeneo ya karibu na mpaka.

Tusitishane. Usugu huu ni wa nusu. Maana yake ni kwamba artemisinini huviua vimelea polepole kuliko zamani, na mwenzake ndani ya kidonge humalizia kazi. Dawa mseto bado inaponya. Lakini mzigo unazidi kumwelemea yule mwenzake, naye akichoka tutarudi kule tulikokuwa mwaka 1994. Kutoka Kagera hadi Rukwa, kimelea hakihitaji pasi ya kusafiria. Kinahitaji abiria mmoja wa basi au wa boti.

Sasa sisi wa mijini tunafanya nini? Tunaumwa kichwa, tunapita duka la dawa, tunanunua ALu bila kupima. Tunameza vidonge vya siku moja, tukipata nafuu tunaweka vilivyobaki kabatini kwa ajili ya mtoto. Kila tunapofanya hivyo tunawapa vimelea dawa kidogo, isiyotosha kuwaua wote. Wanyonge hufa, wenye uwezo wa kuvumilia hubaki na kuzaliana. Kwa njia hiyo usugu hupata nafasi ya kukomaa.

Kwa hiyo nawaomba mambo matatu. Kwanza, pima kabla ya kumeza. Kipimo cha haraka cha malaria huchukua dakika chache tu kwa tone la damu ya kidole. Pili, maliza dozi yote ya siku 3, hata kama siku ya pili unajisikia kucheza ngoma. Tatu, homa ikirudi baada ya dozi, usirudie dawa ile ile kienyeji; nenda kituo cha afya uwaeleze ulimeza nini na lini. Taarifa hiyo ndiyo inayowasaidia wataalamu kujua usugu umefika wapi.

Nami nina deni langu. Mjomba ameniambia mwana wa yule bibi bado yuko hai, upande wa Namanyere. Bibi mwenyewe alikwisha fariki. Nikipanda tena Ufipa nitapita kwake nimweleze haya niliyowaelezeni ninyi, na nitamwomba radhi kwa niaba ya nyumba yetu.

Tukutane juma lijalo, panapo majaliwa.