Kupiga Picha Mahali pa Kale Kabla Hapajapotea

Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 moto uliteketeza nyumba kubwa ya nyasi pale Kasubi, Kampala, walimozikwa makabaka wanne wa Buganda. Lakini mwaka 2009 mafundi walikuwa wameipima nyumba hiyo kwa mashine ya leza.

Mashine hiyo husimama kwa miguu mitatu. Inarusha mwanga ukutani, mwanga unarudi, na mashine inajua umbali. Hufanya hivyo mara mamilioni, kisha kompyuta inakusanya vitone vyote na kutoa umbo la nyumba unaloweza kuligeuza na kulipima hata kama nyumba yenyewe haipo tena.

Je, hiyo ilitosha kuijenga upya? Hapana. Leza iliweka vipimo vya paa lakini haikujua kuezeka. Kuezeka Kasubi ni kazi ya ukoo wa Ngeye, na ndani ya paa kuna pete 52 kwa ajili ya koo 52 za Buganda. Ujuzi huo ulikuwa mikononi mwa wazee. Mwaka 2023 UNESCO iliitoa Kasubi katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Tukizungumza na vikundi juu ya mambo haya tunaambiwa, "Hiyo ni kazi ya makumbusho, sisi shida yetu ni maji." Maji ni ya kwanza, hatubishi. Lakini mara nyingi ni sisi wenyewe, tukichimba bwawa au kutafuta mawe ya msingi, tunaobomoa mahali pa kale bila kujua.

Sasa, leza ni ghali sana, ila simu ya mwanakikundi mmoja inafanya mengi. Kwanza ombeni ruhusa ya wazee, hasa penye makaburi au kaya. Halafu zungukeni ukuta polepole mkipiga picha kila hatua, kila picha ionyeshe zaidi ya nusu ya ile iliyotangulia. Wekeni fimbo ya mita moja ili ukubwa ujulikane. Ziko programu za kompyuta zinazounganisha picha kama hizo zikawa umbo kamili. Kwa kuta kama za Thimlich Ohinga kule Migori, ambazo mawe yake yamepangwa bila udongo wala saruji, picha ya zamani ndiyo itakayoonyesha jiwe lililoanguka lilikaa wapi.

Hata picha moja ina nguvu. Mwaka 1985 mtafiti alimpiga picha mzee wa Kimijikenda kando ya vigango viwili vya nduguze. Vigango vikaibwa. Miaka mingi baadaye vilitambuliwa Marekani kwa picha ile ile, vikarudishwa Kenya.

Wezi nao wana simu, kwa hiyo msitangaze ovyo mahali penyewe palipo. Pelekeni habari kwa Makumbusho ya Kitaifa. Sheria ya mwaka 2006 inamtaka anayegundua kitu cha kale awaarifu ndani ya siku 7.

Na mzee anayejua habari za mahali hapo, mrekodini siku hiyo hiyo, kwa lugha yake, akiwa amesimama hapo hapo. Katibu aandike tarehe na jina la mahali kwenye daftari. Picha na sauti ziwekwe sehemu mbili, moja isiwe simu, maana simu huanguka majini.