Kupanuka kwa Miji: Ramani Zinatufundisha Nini?

Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliitaja ardhi kuwa moja ya mambo manne ambayo taifa linayahitaji ili liendelee. Tunapolieleza jambo hilo, mara nyingi tunamfikiria mkulima wa kijijini. Lakini ardhi ya pembezoni mwa miji nayo inabadilika upesi sana. Mwaka huo wa 1967 sensa ilihesabu katika Dar es Salaam watu wapatao 273,000. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu wapatao milioni 5.38. Je, watu hao wamekaa wapi, na ardhi waliyoikalia ilikuwa na kazi gani kabla yao? Ramani husaidia kujibu swali hilo. Kwa hiyo kada hana budi kujua jinsi zinavyotengenezwa.

Tangu mwaka 1972 setilaiti za Landsat zimekuwa zikipiga picha za dunia. Kila picha imegawanyika katika vipande vidogo vya mraba. Tangu mwaka 1982 vikapatikana vyenye upande wa mita 30. Majani mabichi hurudisha kwa wingi aina ya mwanga ambayo jicho la mtu halioni. Bati, saruji na udongo mtupu havifanyi hivyo. Kwa kutumia tofauti hiyo, wataalamu hupanga vipande katika mafungu: miti, mashamba, maji, majengo. Kisha huchukua picha za miaka miwili mbalimbali, lakini za majira yale yale, na kuhesabu vipande vilivyotoka fungu la mashamba vikaingia fungu la majengo.

Ramani hizo zinaonyesha Dar es Salaam ikinyoosha vidole kufuata barabara nne: Bagamoyo, Morogoro, Nyerere (zamani Pugu) na Kilwa, halafu nafasi zilizo kati ya vidole zikijazwa. Je, huo ni ukaidi wa wananchi? Hasha! Mfanyakazi wa kipato kidogo hujenga pale anapomudu bei ya kiwanja na kupata basi la kumfikisha kazini. Viwanja vilivyopimwa havijatosheleza mahitaji. Basi hununua kwa mkulima, mbele ya mjumbe. Na mkulima akishauza shamba lake lote hubaki hana pa kulima. Rangi iliyobadilika katika ramani ni maisha ya watu yaliyobadilika.

Ramani hizo zina upungufu wake.

Kwanza, setilaiti huona paa, haimwoni mwenye paa. Kiwanja kitupu cha mlanguzi anayengoja bei ipande huonekana kama pori tu. Pili, bati lenye kutu huweza kudhaniwa udongo, na nyumba iliyofunikwa na miembe isionekane kabisa. Tatu, mchoraji ana msimamo wake. Mpango wa jiji wa mwaka 1949 uligawa makazi kwa kipimo cha wingi wa nyumba, lakini kwa vitendo uliwatenga watu kwa rangi zao.

Bonde la Msimbazi linatupa somo. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu na kubomoa nyumba, na baadhi ya wakazi wa mabondeni wakahamishiwa Mabwepande, mbali na kazi zao. Tangu mwaka 2015 kazi ya Ramani Huria iliwakutanisha wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa mitaa. Pamoja walichora nyumba na mitaro, na wakazi wakaeleza maji hufika wapi. Maelezo ya namna hiyo hayapatikani kwa kutazama paa kutoka angani.

Hivyo jukumu letu ni wazi. Ramani ya mtaa ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, isomwe katika mkutano wa wakazi, nao waisahihishe kabla haijatumiwa kupanga barabara au kubomoa nyumba. Picha ya angani hutuambia ardhi imebadilika. Kwa nini imebadilika, na kwa faida ya nani, ni wananchi wanaoikalia watakaotuambia.