Mboga za majani na kumbukumbu za uzeeni

Je, umewahi kumsikia mzazi wako akiuliza swali lile lile mara tatu kabla chai haijapoa? Au akatia chumvi mchuzini, akageuka, akatia tena? Nyumbani watasema ni uzee tu. Wengine hunong'ona kuwa ni uchawi, na si mzaha, kwani huko Kilifi wazee wameuawa kwa tuhuma kama hizo.

Msomaji, kusahau kupita kiasi si lazima kuandamane na mvi. Aghalabu ni dalili ya maradhi ya ubongo yaitwayo dimentia, na yaliyo mengi zaidi ni ya aina ya Alzheimer. Je, chakula chaweza kuyazuia?

Mwaka 2018, Martha Clare Morris na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rush, mjini Chicago, walitangaza matokeo ya kuwafuatilia wazee 960 kwa karibu miaka mitano. Umri wao wa wastani ulikuwa miaka 81. Waliokula mboga za majani kila siku walipoteza kumbukumbu polepole kuliko waliozila kwa nadra. Tofauti ilikuwa kana kwamba wana umri mdogo kwa miaka 11. Ndani ya majani hayo mna foleti, vitamini K, luteini, ambayo ni rangi ya manjano iliyojificha chini ya kijani, na kempferoli, mojawapo ya kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili kujikinga na jua na wadudu.

Sisi hatuna haja ya kuagiza mboga ng'ambo. Terere, managu, saga na majani ya kunde yamejaa sokoni. Ila tunayaharibu jikoni! Ukichemsha mboga hadi ipoteze rangi kisha ukamwaga maji, foleti nyingi umeimwaga nayo. Najua managu ni machungu. Yachanganye na terere, au yamalizie kwa maziwa kama wafanyavyo wengi. Mafuta yaliyomo katika maziwa, au kijiko cha mafuta ya kupikia, husaidia mwili kufyonza luteini.

Hata hivyo, usikimbilie kushangilia. Anayekula mboga kila siku huenda pia hutembea sana na havuti sigara, kwa hivyo ni vigumu kujua kilichomfaa ni kipi. Mwaka 2023 yalitolewa matokeo ya jaribio lililowagawa wazee 604 wa Marekani makundi mawili kwa miaka mitatu. Kundi moja lilipewa mpango wa chakula wenye mboga za majani, njugu na matunda ya beri. Jingine liliendelea na vyakula vyake vya kawaida. Yote mawili yalisaidiwa kupunguza uzito. Akili za wote zilinoleka kidogo, lakini tofauti baina yao haikuwa ya kutajika.

Na vile vidonge vya ginkgo vinavyouzwa kwa bei ya kuogofya? Jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2008 liliwahusisha watu zaidi ya 3,000 wa miaka 75 na zaidi. Baada ya miaka sita hivi, waliomeza ginkgo walipata dimentia sawa na waliomeza vidonge bandia. Heri pesa hizo umnunulie nyanya samaki na mayai.

Nasema samaki na mayai kwa sababu. Mzee anayeishi kwa ugali na mboga pekee aweza kupungukiwa na vitamini B12, ambayo mboga hazina. Upungufu huo huleta usahaulifu na ganzi miguuni, na wanaotumia metformini kwa kisukari kwa miaka mingi wamo hatarini zaidi. Hutambuliwa kwa kupimwa damu na hutibika kwa sindano au vidonge. Basi kabla ya kumwita mtu mchawi, mpeleke akapimwe B12, sukari na shinikizo la damu, na masikio pia, maana kutosikia vizuri huongeza hatari ya dimentia.

Iwapo mzee wako anameza dawa ya warfarini ya kuzuia damu kuganda, usimrundikie mboga ghafla. Vitamini K hudhoofisha dawa hiyo. Mpe kiasi kile kile wiki baada ya wiki, na umjulishe daktari kabla ya kukibadilisha.