Majina ya Sehemu za Nyumba ya Kijapani: Mwalimu Morse na Tatizo la Mfasiri

1.0 Utangulizi

Nyumba ni miongoni mwa mambo ambayo mfasiri huyadhania kuwa mepesi. Kila jamii ina mlango, sakafu, ukuta na paa; kwa hiyo hudhaniwa kwamba kila lugha ina majina ya sehemu hizo, na kwamba kazi iliyobaki ni kuyalinganisha tu. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba dhana hiyo haina msingi imara. Mfano unaotumiwa ni nyumba ya Kijapani kama ilivyoelezwa na Edward Sylvester Morse, mwalimu wa Kimarekani, katika kitabu chake Japanese Homes and Their Surroundings, kilichochapishwa Boston mwaka 1886. Swali linalochunguzwa ni hili: majina ya sehemu za nyumba hiyo yafikapo katika Kiswahili, je, yatafsiriwe au yakopwe?

2.0 Mwalimu aliyefuata makombe

Morse hakuwa msanifu wa majengo wala mwanaisimu. Alizaliwa Portland, katika jimbo la Maine, mwaka 1838, na utaalamu wake ulikuwa katika viumbe wa baharini wenye magamba. Viumbe hao ndio waliompeleka Japani mwezi wa Juni, 1877. Muda si muda aliajiriwa kufundisha elimu ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Tokyo, kilichokuwa kimeanzishwa mwaka uo huo, na akawa miongoni mwa walimu wa kwanza kuieleza nadharia ya Darwin mbele ya wanafunzi wa Kijapani. Akiwa ndani ya treni kati ya Yokohama na Tokyo, aliona mahali paitwapo Omori lundo la makombe ya kale lililokatwa na njia ya reli. Alilichimba. Katika kuvieleza vigae vya vyungu alivyovikuta, alitaja alama za kamba zilizokandamizwa katika udongo, na tafsiri ya Kijapani ya maelezo hayo, “Jomon”, ndiyo iliyokuja kuwa jina la kipindi kirefu cha historia ya kale ya nchi hiyo. Kwa mtu asiyekuwa mwanaisimu, huo si mchango mdogo katika istilahi.

Alikwenda Japani mara tatu, mara ya mwisho akirejea kwao mwaka 1883. Kitabu chake cha nyumba kilitokana na safari hizo, na kina michoro zaidi ya 300 aliyoichora kwa mkono wake mwenyewe. Wageni wengi wa zama zake walipoandika juu ya majengo ya Asia walishughulika na mahekalu na ngome. Morse aliingia jikoni. Alichora kisima, bafu, choo, bawaba, namna ya kuezeka na namna ya kufunga mlango usiku. Inaelekea kwamba mazoea ya maabara ndiyo yaliyomwongoza: mtaalamu wa makombe haridhiki kusema “hili ni kombe”, hutaja ukingo, bawaba na mistari yake, kisha hueleza mnyama aliyemo anaishije. Nyumba aliishughulikia vivyo hivyo. Kwanza mchoro, kisha jina la Kijapani, kisha matumizi. Mwishoni mwa kitabu aliambatisha faharasa ya maneno hayo.

Kasoro zake zisifichwe. Nyumba nyingi alizozieleza ni za watu wenye nafasi yao. Kijapani chake hakikuwa cha kutosha kumfikisha mbali bila msaada wa wanafunzi na rafiki zake wa huko. Tena alipenda mno alichokiona. Anapoilinganisha nyumba ya Kijapani na ya Kimarekani iliyojaa viti, mapazia na mapambo, mara nyingi ya Kimarekani ndiyo inayoshindwa. Yeye mwenyewe alikiri katika utangulizi wake kwamba akikosea, ni heri akosee kwa upande wa huruma kuliko wa chuki. Hata hivyo, nyumba za Tokyo za aina aliyoichora ziliteketea kwa wingi katika tetemeko na moto wa Septemba 1923, na zilizobaki zikapata balaa jingine katika mashambulizi ya mabomu ya mwaka 1945. Maktaba ya chuo alichofundisha iliungua katika moto huo wa 1923. Morse aliusia vitabu vyake vipelekwe huko, na alipofariki mwaka 1925 wasia huo ukatekelezwa.

3.0 Sakafu: “tatami”

Neno la kwanza linalomkabili mfasiri ni “tatami”, na jibu la haraka ni “mkeka”. Vyote viwili ni vya kufuma, vyote hukaliwa, na vyote havikanyagwi kwa viatu. Lakini mfanano unaishia hapo.

Mkeka wa mwambao hushonwa kwa kili za ukindu, hukunjwa, hubebwa kwapani, na hutandikwa pale anapokaa mgeni. Ni mkeka unaomfuata mtu. Ndiyo maana Kiswahili kina usemi wa kukunja jamvi kwa maana ya kumaliza shughuli: jamvi likishakunjwa, mahali pale si baraza tena, ni uwanja mtupu. Tatami haimfuati mtu. Ni pande la mabua ya mpunga yaliyoshindiliwa, lenye unene wa takriban sentimita 5, lililofunikwa kwa mfumo wa nyasi za kinamasi, na hupangwa katika sakafu moja kando ya nyingine mpaka chumba kizima kijae. Ajabu ni kwamba jina lenyewe linatokana na kitenzi “tatamu”, yaani ‘kunja’, kumbukumbu ya zama ambapo nayo ilikuwa ikitandikwa na kuondolewa. Kitu kimeacha kukunjwa, jina halikuacha.

Kwa kuwa urefu wa tatami ni maradufu ya upana wake, imekuwa kipimo cha chumba. Mjapani hasemi chumba kina urefu gani na upana gani. Husema ni cha tatami nne na nusu, au sita, au nane. Kipimo chenyewe hakikuwa kimoja nchi nzima: tatami ya Kyoto ina urefu wa sentimita 191 hivi, ya Tokyo 176 hivi, hata chumba cha “tatami sita” cha Kyoto kikawa kikubwa kuliko cha Tokyo. Mfasiri akiandika “chumba cha mikeka sita”, msomaji wa Kiswahili ataelewa kwamba mwenye nyumba ana mali ya mikeka sita.

Jambo jingine, la kando kidogo, linahusu utepe wa kitambaa ulioshonewa pembeni mwa tatami. Utepe huo huitwa “heri”, na adabu ya Kijapani inakataza kuukanyaga. Karatasi inayobandikwa katika milango ya “shoji” nayo huitwa “washi”. Mwanafunzi wa Kiswahili anayeanza kusoma matini hizo huona heri isiyokanyagwa na waashi wasiojenga, na ni vyema aonywe mapema.

4.0 Mlango: kukaribia na kupanda

Katika nyumba ya Waswahili, mgeni hupiga hodi akiwa nje na hujibiwa “karibu”. Neno hilo linahusu umbali: aliye mbali na awe karibu. Katika nyumba ya Kijapani mwaliko ni “o-agari kudasai”, na kitenzi chake, “agaru”, maana yake ni ‘panda’. Sababu imo katika jengo lenyewe. Sakafu ya vyumba imeinuliwa juu ya ardhi, na baada ya mlango wa nje kuna sehemu ya chini, “genkan”, ambako viatu huachwa. Mgeni aweza kufungua mlango, akaingia genkan, akaita, akaleta mzigo, akazungumza na mwenyeji na kuondoka, bila kuhesabiwa kuwa ameingia nyumbani. Mpaka wa nyumba si mlango bali ni ile hatua moja ya kupanda. Apandapo, husema maneno ya kuomba radhi kwa usumbufu anaowaletea wenyeji.

Ikiwa “o-agari kudasai” itatafsiriwa “karibu ndani”, maana ya jumla itafika, lakini mandhari itapotea: msomaji hatajua kwamba mgeni alikwisha kuwa ndani ya mlango kwa dakika kumi nzima. Ikitafsiriwa “panda juu”, msomaji atafikiri kuna ghorofa. Hapa ndipo mchoro wa Morse unapofanya kazi ambayo kamusi haiwezi kuifanya.

Mgawanyo huu wa ndani na nje umepenya pia katika maneno ya watu. “Uchi” ni ‘ndani’, ni ‘nyumbani kwetu’, na ni ‘sisi’. Mke wa mtu mwingine huitwa “okusan”, kutokana na “oku”, yaani sehemu ya ndani kabisa ya nyumba. Msomaji anayezijua nyumba za mawe za Lamu hatashangaa sana. Huko vyumba vilifuatana kutoka daka na kiwanda, kupitia msana wa tini na msana wa yuu, hadi chumba kilichoitwa “ndani”, bila sifa nyingine yoyote.

5.0 “Engawa” na baraza

“Engawa” ni ukumbi mwembamba wa mbao unaopita ubavuni mwa nyumba, kati ya vyumba na bustani. Morse, kama Waingereza wengi, aliueleza kwa neno “verandah”, neno lililoingia Kiingereza kutoka India. Yaani sehemu moja ya Asia ilielezwa kwa neno lililochumwa katika sehemu nyingine. Mswahili atapendelea “baraza”.

Pendekezo hilo si la kudharauliwa. Katika vijiji vya Japani jirani hupitia bustanini, akaketi ukingoni mwa engawa bila kuvua viatu, akanywa chai na kuondoka. Hiyo ndiyo kazi hasa ya baraza: kumpokea mtu bila kumwingiza ndani. Tofauti ni upande. Baraza huelekea njiani. Apitaye yeyote huona nani amekaa na nani, na husalimia. Kwa sababu hiyo neno likapanda cheo likawa na maana ya mkutano wa mashauri, hata Baraza la Mawaziri na Baraza la Kiswahili la Taifa yakabeba jina la benchi la mawe. Engawa huelekea miti na majabali ya mwenye nyumba. Mashauri ya mji hayafanyiki hapo. Silabi “en” huandikwa kwa alama yenye maana ya ‘ukingo’ na pia ‘uhusiano’ wa watu waliokutanishwa na majaliwa, na Wajapani hupenda kuzichezea maana hizo mbili. Neno moja limekwenda serikalini, jingine limebaki bustanini.

6.0 Mengineyo

“Tokonoma” ni kishubaka kipana kinachotundikwa picha au maandishi na kuwekwa ua. Mfasiri atakumbuka zidaka za Lamu, ambamo vyombo vya China vilipangwa. Lakini zidaka hujaza ukuta, safu juu ya safu. Tokonoma ni moja, nayo ndiyo inayoamua ukaaji. Mgeni wa heshima huketi mbele yake, akiipa mgongo, na mwenyeji huketi upande wa mlango. Asiyejua hilo hataelewa kwa nini, katika riwaya, wageni wawili wanabishana kwa unyenyekevu kila mmoja akikataa kukaa pale.

Katika mlango wa kusogeza, Kiswahili kina kizingiti cha chini na kizingiti cha juu. Kijapani kina “shikii” na “kamoi”, majina mawili yasiyohusiana. Wajapani husema kizingiti cha mtu ni kirefu wakimaanisha kwamba mtu anaona haya kwenda kwake. Nguzo kuu ya nyumba, “daikokubashira”, ni jina la mwenye kuilisha familia, na hapa “nguzo ya nyumba” inatosha bila nyongeza.

7.0 Kutafsiri au kukopa

Utaratibu uliozoeleka katika ukuzaji wa istilahi za Kiswahili hutaka kwanza kuchunguza hazina ya Kiswahili chenyewe na lahaja zake, kisha lugha nyingine za Kibantu, na mwisho lugha za kigeni. Utaratibu huo una faida kubwa katika dhana za sayansi, ambako kitu ni kilekile popote kilipo. Katika nyumba haufai kutumiwa bila kufikiri. Palipo na tendo moja, kama katika nguzo, neno la Kiswahili litumike. Palipo na tendo tofauti, kama katika tatami, genkan na engawa, neno likopwe, na tendo lielezwe mara ya kwanza linapotajwa.

Umbo la maneno haya halileti kikwazo. Silabi za Kijapani aghalabu huishia kwa irabu, kwa hiyo tatami, fusuma, engawa na tokonoma huingia katika Kiswahili bila kubadilishwa hata herufi. Ni “genkan” pekee inayohitaji irabu ya mwisho, “genkani”. Kuhusu ngeli, mkabala salama ni kuziweka katika ngeli ya I-/ZI-: tatami hii, tatami hizi. Tatizo lililobaki si la umbo. Siku hizi nyumba nyingi za mijini Japani zina chumba kimoja tu cha tatami au hazina kabisa, na matangazo ya nyumba hutumia herufi za Kiingereza L, D na K kwa sebule, mahali pa kulia na jiko. Ukubwa wa chumba, hata hivyo, bado hutajwa kwa tatami, na kanuni za biashara ya nyumba zinaitaka kila moja isipungue mita za mraba 1.62. Mpangaji huonyeshwa chumba cha tatami sita chenye sakafu ya mbao tupu, na hakuna anayeuliza tatami ziko wapi.