Maneno ya ugomvi na utiifu: Kiingereza kinavyomponza Mpolandi, na sisi pia

Chukua mfano wa Mpolandi anayefanya kazi ghalani Uingereza. Msimamizi anamuuliza kama atabaki saa mbili za ziada jioni ile. Amechoka, tena ana mtoto wa kumchukua shule, basi anajibu kwa upole kabisa: “I resign.” Kwao kitenzi “rezygnować” maana yake ni kujitoa kwenye jambo, kusema hili nimeliacha. Mtu akikataa kikombe cha pili cha chai aweza kulitumia, na hakuna atakayeshtuka. Lakini Mwingereza akisikia “I resign” anasikia jambo moja tu: huyu ameacha kazi.

Neno ni lilelile, limetoka Kilatini likaingia nyumba mbili tofauti, na katikati yake pana mshahara wa mtu.

Kwa nini tuzungumze habari za Wapolandi hapa kwetu Pwani? Kwanza, si wageni wa jana. Vita vya pili vya dunia vilipowatoa makwao, maelfu ya akina mama na watoto wa Kipolandi walitolewa Urusi, wakapitia Iran, na kuanzia 1942 wakaletwa Afrika Mashariki kwa meli. Wengine walishukia hapa Mombasa kabla ya kupelekwa makambini, na kambi kubwa ikawa Tengeru, karibu na Arusha, ambako makaburi yao yapo hadi leo. Sasa wajukuu wa taifa hilo tunawaona Diani na Unguja, wamekuja kuota jua. Pili, na hili ndilo kubwa, mahali Mpolandi anapojikwaa katika Kiingereza ndipo na Mswahili anapojikwaa, ila yeye ameanguka mbele ya watu wengi zaidi.

Poland iliingia Umoja wa Ulaya tarehe 1 Mei 2004, na Uingereza ikawa miongoni mwa nchi chache zilizowafungulia mlango wa kazi papo hapo. Watu walihamia kwa wingi. Sensa ya 2011 ilihesabu watu 546,000 huko England na Wales ambao lugha yao kuu ni Kipolandi. Ile ya 2021 ikahesabu 612,000. Wengi wao walisoma Kiingereza shuleni: rangi, familia, hali ya hewa, likizo yangu. Kisha wakafika kazini na kukuta Kiingereza cha aina nyingine, cha kuamrisha na kutii, kulalamika na kujibu malalamiko. Hicho hakikuwamo kitabuni.

Linalowaponza zaidi ni “must”, neno ambalo kila mtoto analijua. Kipolandi kina “muszę”, yaani nalazimika. Ukikanusha wapata “nie muszę”, yaani silazimiki. Ni sawasawa na Kiswahili: lazima, si lazima. Kiingereza kinaanza vizuri na “you must”, halafu kikikanusha kinageuka ghafla. “You must not” si “si lazima”. Ni marufuku, usithubutu. Anayetaka kusema si lazima aseme “you don't have to” au “you needn't”.

Sasa fikiria kibao ukutani kiwandani: “You must not use this machine alone.” Aliyefikiria kwa Kipolandi aweza kukisoma kama habari njema: hulazimiki kuitumia mashine hii peke yako, lakini ukitaka, haya. Kibao kilimwambia kinyume chake. Na upande wa pili, Mpolandi mwema akimwambia mwenzake “You mustn't sign it”, kusudio lake ni kuwa si lazima utie sahihi, fikiria kwanza. Mwenziwe amesikia amekatazwa. Wanafunzi wetu huandika “you must not come early” wakimaanisha usijisumbue kuja mapema, na mwalimu hukosoa kwa kalamu nyekundu bila kueleza tatizo liko wapi. Liko hapo: tunakanusha kwa akili ya Kiswahili.

Kuhusu kutii, kuna jambo zuri la kutazama. Kipolandi humwita mtu mtiifu “posłuszny”, neno la ukoo mmoja na “słuchać”, kusikiliza. Mama wa Kipolandi anayelalamika juu ya mwanawe husema hasikii, kama asemavyo mama wa Kibokoni. Na hata “obey” ya Waingereza, ukiifuatilia hadi Kilatini, ndani yake mna neno la kusikia. Kwa hivyo watu watatu wameanzia sikioni. Tabu inakuja mtu anapotaka kuunganisha neno hilo na sheria anayoitii.

Kipolandi hubadilisha mwisho wa jina kuonyesha nani anatii nini. Kiswahili hatuna haja hata ya hilo, twasema tu kutii sheria, kufuata amri. Kiingereza kimempa kila kitenzi mkia wake. “Obey” hakitaki mkia: “obey the law”, basi. “Comply” kinataka “with”. “Abide” kinataka “by”. “Conform” na “submit” vinataka “to”. “Object” nacho kinataka “to”, ilhali “oppose”, chenye maana inayokaribiana, hakitaki kitu. Hapana kanuni ya kukueleza kwa nini, na anayekwambia ipo anakupotezea wakati. Mpolandi husema “obey to the rules” kwa sababu kwao jina lingebadilika mwisho pale, naye anahisi pengo lazibwe. Dawa ni moja: usijifunze “comply” peke yake hata siku moja. Jifunze “comply with the rules” kama neno moja refu, ulitamke hivyo hadi ulimi uzoee.

Kisha kuna maneno yanayofanana sura. Mpolandi akisema “awantura” ana maana ya zogo, watu kupigiana makelele; kwa Mwingereza “adventure” ni safari ya kusisimua. “Mandat” ya Kipolandi ni faini anayokuandikia polisi wa trafiki, kwa hivyo dereva akisema “I got a mandate” Mwingereza atadhani amechaguliwa bunge. “Kontrola” ni ukaguzi tu wa tikiti au stakabadhi, lakini “control” ni kuwa na mamlaka juu ya kitu. Hayo mtu aweza kucheka yakapita. Lisilochekesha ni “ewentualnie”, ambalo maana yake ni pengine, ikibidi. Mpangaji Mpolandi anayemwandikia mwenye nyumba “Eventually I will pay for the damage” anafikiri amesema pengine nitalipa, tutaona. Kwa Kiingereza ameahidi kwamba mwishowe atalipa, na ameahidi kwa maandishi.

Ugomvi nao una ngazi zake. Sisi tuna mabishano, mzozo, ugomvi, mgogoro, zogo, na kila mmoja ajua kuwa mgogoro wa ardhi si zogo la sokoni. Wapolandi wana “sprzeczka” ndogo, “kłótnia” ya sauti, “spór” ya mahakamani, “bójka” ya ngumi. Waingereza vilevile: “argument” ya maneno, “dispute” ya haki au mali, “fight” ambayo yaweza kuwa ya ngumi. Lakini kwa Kipolandi “argument” ni hoja pekee, sababu unayoitoa kuunga mkono neno lako. Akiambiwa “I heard you had an argument with the manager”, aweza kuitikia kwa fahari kuwa naam, tena nzuri sana. Nasi tuna kosa letu. Neno “kupigana” na “kugombana” kwetu huchanganyika mdomoni, tukifika kwenye Kiingereza twasema “they were fighting” kwa watu waliotupiana maneno tu. Mbele ya polisi anayeandika maelezo, hayo ni mashtaka mawili tofauti.

Hapa niingize la upole, maana ndilo linaloharibu zaidi baina ya watu. Mwanaisimu Anna Wierzbicka, mzaliwa wa Warsaw aliyehamia Australia, aliandika makala mwaka 1985 akilinganisha jinsi Wapolandi na Waingereza wanavyoomba, wanavyoalika na wanavyopinga. Alionyesha kuwa Kipolandi kinaruhusu amri ya wazi mahali ambapo Kiingereza kinataka swali. Mpolandi mezani husema nipe chumvi, na hajamkosea mtu adabu. Mwingereza husema je, ungeweza kunipitishia chumvi, ingawa si uwezo wako anaoulizia. Na katika kupinga, Mpolandi husema huna haki, umekosea, akiamini ndio ukweli wa marafiki. Mwingereza huzunguka mti mara tatu.

Wala Kipolandi si lugha isiyo na heshima. Kina “poproszę”, ambayo ni naomba yetu hasa: poproszę chai, naomba chai. Mtu wa heshima haambiwi kaa. Husemeshwa kana kwamba yuko mbali, Bwana na akae, Bibi na asubiri kidogo. Heshima yote hiyo haina pa kukaa katika Kiingereza, ambacho kina “you” moja kwa mfalme na kwa paka. Mpolandi huivua heshima mlangoni akabaki na amri tupu: “Give me another room.” Mfanyakazi wa hoteli pale Diani, aliyelelewa kwa naomba na tafadhali, asikia mtu mwenye kiburi. Anayejua atasikia mtu aliyepoteza nusu ya sentensi njiani. Ni kama mgeni wa bara anayesema “leta chai” hotelini kwetu: hakukusudia ubaya, ndivyo anavyosema kwao.

Mtego mwingine uko upande wa pili, pale Kiingereza kinapoficha amri ndani ya pamba. Barua ikisema “You may wish to review your position”, Mpolandi huona amepewa hiari, kwa sababu “may” alifundishwa kuwa ni waweza. Hiari hiyo haipo. “We would be grateful if you could reply by Friday” maana yake jibu kabla ya Ijumaa. “With respect” mwanzoni mwa sentensi ni dalili kuwa heshima inakaribia kwisha. Kiingereza cha maofisini Kenya kina chake: “Kindly comply.” Hiyo “kindly” ni kanzu iliyovishwa amri, na kila aliyeajiriwa hapa nchini anaijua.

Kama kuna anayedhani Wapolandi ndio hawana kipaji cha Kiingereza, akumbuke Joseph Conrad. Alizaliwa 1857 katika familia ya Kipolandi, akaanza kujifunza Kiingereza akiwa na zaidi ya miaka 20, kwenye meli za Waingereza, miongoni mwa mabaharia. Yaani Kiingereza chake cha mwanzo kilikuwa cha amri na utiifu. Akapata cheti cha unahodha 1886, kisha akawa mmoja wa waandishi wakubwa wa riwaya kwa lugha hiyo, ingawa lafudhi ya kwao haikumtoka hadi kufa. Riwaya yake Lord Jim, ya mwaka 1900, ni habari ya afisa wa meli iliyobeba mahujaji, aliyewaacha abiria wake baharini, na baraza lililokaa kumhoji. Wajibu ni nini, na kuukiuka ni nini: hayo ndiyo aliyoyaandika katika lugha aliyojifunza ukubwani.

Turudi kwenye karatasi, maana vita vya maneno haya huishia kwenye sahihi. Mpolandi akipewa barua ya onyo kazini, kwao kuna kauli ya kiofisi “przyjmuję do wiadomości”, yaani nimeipokea habari hii, sikusema nimeikubali. Akitafsiri neno la kwanza tu ataandika “I accept”, na hapo amekiri kosa. Alichotaka ni “I acknowledge receipt of this letter.”

Hapa kwetu Katiba ya 2010 inavitambua Kiswahili na Kiingereza vyote viwili kuwa lugha rasmi, lakini barua ya “show cause” bado humfikia mtu kwa Kiingereza, na wengi huitia sahihi wakiwa wamesimama mlangoni kwa mkubwa. Tazama kitenzi kilicho juu ya mstari wa sahihi. Kikiwa “acknowledge”, umekiri kuwa karatasi imekufikia. Kikiwa “accept” au “agree”, umekubali yaliyoandikwa. Kikiwa “waive”, umesamehe haki yako. Na kama ni cha pili au cha tatu nawe hukubali, una ruhusa ya kuandika kwa mkono wako, juu ya sahihi, “received, not agreed”, na tarehe.