Hoteli za Kijani Kandokando ya Ziwa Kivu: Vigezo vya Utalii Rafiki kwa Mazingira katika Wilaya ya Rusizi, Rwanda

Ikisiri

Wilaya ya Rusizi, iliyojulikana zamani kama Cyangugu, imo miongoni mwa maeneo ambayo Rwanda inayategemea katika kupanua utalii nje ya Kigali na eneo la volkano la kaskazini. Makala haya yanafafanua maana ya "hoteli ya kijani" katika mazingira mahususi ya wilaya hiyo: ziwa lenye tundu moja tu la kutokea, mto unaozalisha umeme wa nchi tatu, na msitu wa milimani ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Hoja kuu ni kwamba vigezo vya ukijani vinapaswa kutokana na udhaifu wa mahali husika, wala si kuazimwa kutoka kwenye matangazo ya biashara. Makala yanachambua maji, majitaka, nishati ya jikoni, taka na usafiri, kisha yanapendekeza hatua zinazoweza kupimwa na mamlaka za wilaya, taifa na Jumuiya ya Afrika Mashariki.

Istilahi muhimu: utalii rafiki kwa mazingira, hoteli ya kijani, majitaka, ithibati, Ziwa Kivu, Rusizi

1.0 Utangulizi

Rusizi iko katika pembe ya kusini-magharibi ya Rwanda, mahali ambapo maji ya Ziwa Kivu yanatoka na kuwa Mto Rusizi. Ng'ambo ya mto huo ni jiji la Bukavu, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Kusini kabisa, katika tambarare ya Bugarama, wilaya inapakana pia na Burundi. Jina la Cyangugu lilikuwa la mji na la mkoa hadi mwaka 2006, mgawanyo mpya wa utawala ulipouingiza mkoa huo katika Mkoa wa Magharibi. Kitovu cha biashara ni Kamembe, penye uwanja wa ndege, soko na vituo vya mabasi.

Mambo matatu yanaufanya mjadala wa utalii rafiki kwa mazingira kuwa wa haraka hapa. Kwanza, Rusizi ni mojawapo ya miji sita ya pili ya Rwanda, pamoja na Huye, Muhanga, Musanze, Nyagatare na Rubavu, inayokusudiwa kukua ili kuipunguzia Kigali mzigo. Pili, Hifadhi ya Taifa ya Nyungwe, ambayo sehemu yake imo katika wilaya hii, iliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwezi Septemba 2023. Tatu, barabara ya kandokando ya ziwa inayounganisha Rubavu, Karongi na Rusizi imeufungua mwambao kwa wageni na kwa wajenzi wa hoteli. Mambo yote matatu yanaleta wageni zaidi kabla ya jibu kupatikana kwa swali la msingi: maji machafu, moshi na taka zao vitakwenda wapi?

2.0 Dhana na Istilahi

Katika Kiswahili, neno "kijani" limebeba maana ya utunzaji wa mazingira kwa muda mfupi tu, na mipaka yake bado haijatulia. Ni vema basi kutenganisha dhana tatu ambazo mara nyingi huchanganywa.

*Utalii wa kimaumbile* ni safari ya kwenda kutazama misitu, wanyama au maziwa. Dhana hii inaeleza kitu kinachotazamwa. Haielezi namna ya kukitazama. Mgeni anayekwenda kuona sokwe katika msitu wa Cyamudongo anaweza kuuacha msitu huo katika hali mbaya kuliko alivyoukuta. *Utalii rafiki kwa mazingira* ni safari inayopunguza madhara na kuchangia utunzaji wa mahali pamoja na maisha ya wenyeji. *Hoteli ya kijani* ni jengo na uendeshaji wake: namna linavyochota maji, linavyopika, linavyotupa taka na linavyoajiri. Hoteli iliyo katikati ya mji, mbali na msitu wowote, yaweza kuwa ya kijani. Nyumba ya wageni iliyo ukingoni mwa msitu yaweza isiwe.

Tofauti hii ina uzito wa kisera. Hoteli ikiruhusiwa kujiita ya kijani kwa sababu ya mandhari yake, au kwa sababu ya kadi ya chumbani inayomwomba mgeni atumie taulo moja kwa siku mbili, neno hupoteza kazi yake. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Katika soko la utalii, hata hivyo, kizuri hakijiuzi chenyewe, kwa kuwa mgeni haoni shimo la majitaka wala stoo ya makaa. Ndiyo maana kipimo cha wazi kinahitajika.

Ipo pia haja ya lugha ndani ya hoteli zenyewe. Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na Kamembe ni mji ambamo Kinyarwanda, Kiswahili na Kifaransa hukutana kila siku kwa sababu ya biashara na Bukavu. Maagizo ya kutenganisha taka au kutumia dawa za usafi yakiandikwa kwa lugha ya mgeni peke yake, mtendaji halisi, yaani mhudumu wa chumba, mpishi au mtunza bustani, huachwa nje ya sera ambayo yeye ndiye anayeitekeleza.

3.0 Udhaifu wa Mahali: Ziwa, Mto na Msitu

Ziwa Kivu liko takriban mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kina chake kikuu kinakaribia mita 480. Maji yake yamepangika katika tabaka zisizochanganyika kikamilifu; tabaka za chini zimehifadhi gesi ya methani na kabonidayoksaidi kwa wingi mkubwa. Hata hivyo, sehemu inayozihusu hoteli za Rusizi si kina hicho kikuu. Mji uko kwenye bonde la Bukavu, ghuba ya kusini yenye kina kisichozidi sana mita 100, iliyotengwa na ziwa kuu kwa kizingiti cha chini ya maji. Kamembe na Bukavu zote mbili zinamwaga maji yao katika ghuba hiyo hiyo. Kwa hiyo hoteli moja yenye mfumo mbovu wa majitaka haichafui "ziwa" kwa jumla. Inachafua kwanza ufuko wake na wa jirani zake.

Ghuba hiyo ina njia moja ya kutokea, yaani Mto Rusizi. Mto huo hushuka karibu mita 700 kabla ya kuingia Ziwa Tanganyika, na mteremko huo ndio unaozalisha umeme. Kituo cha Rusizi I kilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1950. Rusizi II, chenye uwezo wa megawati zipatazo 44, kilianza kazi mwaka 1989 na kinamilikiwa kwa pamoja na Burundi, Kongo na Rwanda. Taka za plastiki zinazoelea kutoka kwenye fuko za ziwa hukusanyika katika bwawa la Rusizi I na zimewahi kukwamisha mitambo. Chupa iliyotupwa ufukoni, basi, yaweza kurudi kwa aliyeitupa kwa sura ya umeme uliokatika.

Upande wa mashariki uko msitu wa Nyungwe, ulio juu ya mgawanyo wa maji kati ya mabonde ya Kongo na Nile. Msitu huo una spishi 13 za nyani na jamii zao, wakiwemo sokwe, na aina zaidi ya 300 za ndege. Kipande kilichojitenga cha Cyamudongo, chenye hekta zipatazo 300 tu na kilichozungukwa na mashamba, kinaonyesha hatari kwa uwazi zaidi. Eneo dogo kiasi hicho halina nafasi ya kufidia mti uliokatwa kwa ajili ya kuni wala njia iliyopanuliwa kwa ajili ya watalii.

4.0 Ukijani Ndani ya Hoteli

4.1 Maji. Rusizi hupata mvua inayozidi milimita 1,200 kwa mwaka, na milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya paa ni lita moja. Paa la mita za mraba 500, baada ya kutoa asilimia 20 ya upotevu, laweza kukusanya lita 480,000 kwa mwaka, yaani wastani wa lita 1,300 kwa siku. Mgeni mmoja akitumia lita 150 kwa siku, kiasi hicho kinatosha wageni wanane tu. Hesabu hii rahisi inafundisha mambo mawili. Maji ya mvua ni hazina ambayo haipaswi kuachwa itiririke na kubomoa miteremko. Lakini hayawezi kubeba hoteli kubwa peke yake, hasa katika kiangazi cha Juni hadi Agosti. Matumizi yenye busara ni kuyaelekeza kwenye vyoo, ufuaji na bustani, na kuweka vifaa vya kupunguza maji katika mabomba ya kuogea.

4.2 Majitaka. Hapa ndipo kipimo kikuu cha hoteli ya mwambao kilipo. Shimo la kawaida lililochimbwa kwenye mteremko mkali, karibu na maji, halisafishi, linachelewesha tu. Mfumo unaofaa huanza na tangi lisilovuja linalotenganisha tope, kisha maji hupitishwa katika ardhioevu ya kutengenezwa, yaani kitanda cha kokoto kilichopandwa mafunjo au matete, ambamo vijidudu na mizizi hula uchafu. Tope lenyewe lazima linyonywe kwa ratiba na lipelekwe mahali palipoidhinishwa. Mkaguzi hana budi kuuliza siku tangi liliponyonywa kwa mara ya mwisho, si kama tangi lipo tu.

4.3 Nishati. Umeme wa gridi unaotokana na maji una uchafuzi mdogo wa hewa. Tatizo kubwa liko jikoni. Katika matanuri ya udongo ya kienyeji, kilo moja ya makaa huweza kugharimu kilo sita hadi kumi za kuni. Hoteli inayopikia makaa, hata kama taa zake zote ni za sola, bado inakula misitu ya wilaya. Njia mbadala zipo: gesi ya kupikia, majiko ya vitonge vya mbao, na bayogesi kwa hoteli zenye mabaki mengi ya chakula. Maji ya moto yanaweza kupashwa kwa jua. Kuhusu majokofu na viyoyozi, Marekebisho ya Kigali ya Itifaki ya Montreal, yaliyopitishwa katika mji mkuu wa Rwanda Oktoba 2016, yanalenga kupunguza gesi za kupozea zinazoongeza joto la dunia. Hoteli mpya kandokando ya ziwa lililoko juu kiasi hiki inaweza kupozwa kwa upepo, baraza na vivuli bila kiyoyozi chochote.

4.4 Taka na chakula. Rwanda ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008, na sheria ya 2019 ikapanua katazo hadi kwa bidhaa za plastiki zinazotumika mara moja. Hoteli inayoacha chupa ndogo na vijiko vya plastiki, kwa hiyo, inatii sheria tu. Ukijani huanzia pale sheria inapoishia. Mabaki ya jikoni yageuzwe mboji kwa wakulima wa mboga. Katika ununuzi wa chakula, sambaza wa Kivu, mchele wa Bugarama na chai ya Shagasha huacha fedha wilayani na hupunguza safari za malori. Hata hivyo, hoteli inapaswa kubadilisha orodha ya vyakula katika kipindi ambacho uvuvi husimamishwa ili samaki wazaliane; kuendelea kudai sambaza wakati huo ni kulipia uvuvi haramu.

5.0 Safari Yenyewe

Hoteli bora haiwezi kufuta uchafuzi wa safari iliyomfikisha mgeni. Ndege kati ya Kigali na Kamembe huokoa saa nyingi, lakini basi lililojaa, linalopita Huye na Nyungwe, hutoa uchafuzi mdogo zaidi kwa kila abiria. Iliyo mbaya zaidi kati ya safari za barabarani ni gari kubwa lenye mgeni mmoja na dereva. Njia ya Kongo-Nile, yenye urefu wa kilomita 227 kutoka Rubavu hadi Rusizi, inaonyesha mwelekeo mwingine: mgeni hutembea au huendesha baiskeli, hulala katika nyumba ndogo njiani, na fedha zake hugawanyika katika vijiji vingi badala ya kuishia katika hoteli moja. Sera inayotaka kupunguza madhara kwa kila franka inayoingia ihimize wageni wachache zaidi wanaokaa siku nyingi, badala ya wengi wanaolala usiku mmoja.

6.0 Ithibati: Mafunzo ya Jirani

Afrika Mashariki haianzi kutoka sifuri. Nchini Kenya, mpango wa shirika la Ecotourism Kenya ulioanza mwaka 2002 hupanga malazi ya watalii katika ngazi za shaba, fedha na dhahabu. Katika kisiwa cha Chumbe, Zanzibar, nyumba saba tu za wageni hukusanya mvua juu ya mapaa yao, hutumia vyoo vya mboji na nishati ya jua, na mapato yake hugharimia hifadhi ya matumbawe na elimu ya wanafunzi. Chumbe inafundisha kwamba idadi ya vitanda ni kigezo cha kimazingira: mfumo unaofaa kwa nyumba saba hauwezi kuhamishiwa kwenye hoteli ya vyumba mia bila kubadilishwa.

Kwa upande wa mgawanyo wa faida, Rwanda hutenga asilimia 10 ya mapato ya utalii wa hifadhi za taifa kwa ajili ya jamii zinazozizunguka. Kiwango hicho kilikuwa asilimia 5 mpango ulipoanza mwaka 2005. Mpango huo unahusu hifadhi, na mwambao wa ziwa hauna mfano wake. Mvuvi wa Nkombo anabeba gharama za ufuko mchafu pasipo kupata fungu katika kitanda kilicholipiwa juu yake.

7.0 Hitimisho na Mapendekezo

Makala haya yameonyesha kwamba hoteli ya kijani katika Rusizi haitambuliki kwa rangi ya bango lake. Hutambulika kwa maji yanayotoka ndani yake, nishati iliyo chini ya sufuria zake, na watu wanaofaidika na kuwepo kwake. Kutokana na uchambuzi huo, yanapendekezwa yafuatayo:

(i) Kibali cha kujenga hoteli kandokando ya ziwa kifungamane na mpango wa majitaka uliokaguliwa kabla ya msingi kuchimbwa. Kurekebisha baadaye ni ghali na mara nyingi hakufanyiki.

(ii) Vigezo vya nyota vya Jumuiya ya Afrika Mashariki viongezewe sehemu ya mazingira yenye alama za lazima, ikitangulizwa nishati ya kupikia na majitaka.

(iii) Vipimo vya ubora wa maji katika ghuba ya Bukavu vifanywe kwa njia moja pande zote mbili za mpaka, kupitia Mamlaka ya Bonde la Ziwa Kivu na Mto Rusizi. Kongo ilijiunga na Jumuiya mwaka 2022, na maji hayangoji hali ya usalama itulie.

(iv) Vyama vya wavuvi na vya wakazi wa mwambao vipewe fungu la tozo ya malazi, kwa mfano wa mgawanyo wa mapato ya hifadhi.

(v) Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki isanifishe istilahi za ukaguzi wa hoteli, ili fomu ya mkaguzi na maagizo ya mhudumu viseme lugha moja.

Miongoni mwa hatua hizo, ya kwanza ndiyo isiyosubiri. Miti iliyokatwa yaweza kupandwa tena na jiko laweza kubadilishwa kwa siku moja, lakini ghuba yenye kina kifupi na mlango mmoja ikishachafuka itachukua muda mrefu kujisafisha. Hoteli zinazojengwa leo juu ya miteremko ya Kamembe ndizo zitakazoamua hali ya maji hayo kwa kizazi kijacho.